Wekundu saba walionigomea

Sanduku la tatu la mbawakawa waliokaushwa, siku ya 11. Hatimaye wale wekundu saba wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Ampedus wana lebo mpya zenye jina kamili, isipokuwa mmoja, na huyo nitamweleza.

Lebo ya zamani iliwaita wote Elater sanguineus. Jenasi hiyo simlaumu aliyeiandika. Vitabu vya zamani viliwaita hivyo hao tunaowaita Ampedus leo. Jina Elater limebaki kwa akina Elater ferrugineus, na huyu wetu ni Ampedus sanguineus (Linnaeus, 1758). Tena kwa mabano! Mabano si mapambo, yanasema Linnaeus alimweka kwenye jenasi nyingine. Orodha zinazoyatupa ovyo zinanikera mno.

Kilichonitesa ni vinyweleo. Juu ya ngao ya kifua, sanguineus ana vinyweleo vyeusi, ndugu yake Ampedus cinnabarinus ana vya hudhurungi iliyokolea wekundu. Kwenye ufunguo wa utambuzi, yaani mwongozo wa hatua kwa hatua wa kujua spishi, hilo ni nusu mstari tu. Jumatatu nilipata cinnabarinus watano, Jumatano wawili, Ijumaa wote saba! Nikaanza kuyashuku macho yangu. Kumbe mchawi ni taa: balbu yangu ya manjano inautia kila unyweleo wekundu. Kamera ya hadubini nayo haikunisaidia, maana hujirekebishia rangi bila kuulizwa. Kwa kazi hii naiona haina maana. Lenzi ya mkono na mwanga wa dirishani vinaishinda.

Hata dirishani wawili waligoma. Hao walikuwa wametoa mafuta, vinyweleo vimelala na kushikamana kama nywele zilizolowa. Nikawaloweka kwenye spiriti usiku kucha, nikawapitishia brashi laini, nikawaacha wakauke. Asubuhi vinyweleo vimesimama, vyeusi tii. Nilicheka peke yangu.

Matokeo: sanguineus wanne, wote wakiwa na mfereji ulio wazi katikati ya ngao, upande wa nyuma. Cinnabarinus mmoja. Mmoja ni sanguinolentus, ndugu mwingine, mwenye baka jeusi mgongoni pale mabawa magumu yanapokutana; aliyemwita sanguineus sijui alikuwa anatazama nini. Wa saba kifua chake kimekwanguka, hakuna unyweleo hata mmoja. Nimeandika Ampedus sp., yaani spishi haijulikani, na sitakisia, ingawa mkono uliniwasha.

Wiki hii ilikuwa zamu ya jenasi nyingine, Agriotes, yenye spishi lineatus, obscurus na sputator, kazi ya kistaarabu. Ila nilipokuwa nalirudisha sanduku nikaona kucha zenye meno kama kitana. Melanotus, jenasi nyingine tena! Spishi zake villosus na castanipes wanafanana mpaka inachosha, na njia ninayoiamini ni kuchungulia viungo vya uzazi vya dume. Agriotes watanisamehe. Potashi ya asilimia 10 iko tayari mezani, na dume wa kwanza ameshaanza kulainika.