Barua ya Kadutu kwenda Paris

Mwisho wa mwaka 2000, mtu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, aliyetaka habari alizitafuta kwa shida. Radio Maendeleo, redio yetu wenyewe, ilikuwa imefungwa tangu 1999. Magazeti ya Kinshasa hayakufika, kwa sababu vita vilikuwa vimekata nchi na sisi tulikuwa upande wa RCD, waasi waliosaidiwa na Rwanda. Usiku tulisikiliza BBC na RFI, redio ya Ufaransa, kwa sauti ya chini. Na mara chache, msafiri akitoka Kigali na mpaka wa mto Ruzizi, kati yetu na Rwanda, ukiwa umelegea, tulipata toleo moja la Jeune Afrique, gazeti la Kifaransa la habari za Afrika, tukalisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa.

Nikisema "sisi" nasema watu wa kibanda cha Fundi, chini kidogo ya soko la Kadutu. Alikuwepo Mwalimu, mzee wa shule ya msingi aliyeishi kwa ile pesa ya wazazi tunayoiita prime, maana serikali ilishasahau kumlipa. Alikuwepo Shofa, ambaye lori lake lilichukuliwa na wenye bunduki, akabaki na funguo mfukoni. Alikuwepo Mama wa vitenge, aliyekuwa na meza yake mlangoni. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, mtoto wa jirani, na kazi yangu ilikuwa kusoma kwa sauti na kuwaeleza kwa Kiswahili wale ambao Kifaransa chao kiliishia darasani.

Gazeti lilikuwa na sheria zake. Likifika tu, Fundi alichomoa zile pini za chuma kwa ncha ya mkasi, akalifungua katikati, akalipitisha chini ya mashine yake ya miguu na kulishona kwa uzi mweusi wa suruali, mara mbili, kwenda na kurudi. Mvua ya Bukavu haina urafiki na chuma; pini zinashika kutu na kurasa zinachomoka. Baada ya hapo majina yetu yaliandikwa kwa penseli kwenye jalada la nyuma, kila mmoja na usiku wake. Mwalimu alikuwa wa kwanza daima. Umri ulimpa haki hiyo, na pia ndiye aliyetoa pesa nyingi, yeye asiye na pesa.

Siku ninayoikumbuka, mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka tukasemeshana kwa kupaza sauti. Kwa miezi mingi hatukuwa tumepata toleo lolote. Shofa akaingia akiwa ameficha kitu chini ya koti, akakitoa kwenye mfuko wa nailoni na kukiweka juu ya meza ya kukatia nguo. Tukainama wote. Kwenye jalada, pamoja na jina tulilolijua, kulikuwa na jina jingine: L'Intelligent.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hili si letu," akasema.

Shofa alijitetea haraka, akidhani anashtakiwa yeye. Aliapa kwamba amelinunua kwa mtu yule yule, kwa bei ile ile. Mama wa vitenge akauliza kutoka mlangoni: "Picha zimo?" Nikafungua, nikamwambia zimo. "Basi ni lenyewe," akasema, akarudi kwa mteja wake. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Kwa Mwalimu kesi ndiyo kwanza ilianza. Alipekua kurasa kwa kidole kilicholowa mate mpaka akaipata "Ce que je crois", ile safu ya Béchir Ben Yahmed, mwanzilishi. Ilikuwepo. Hilo lilimtuliza kidogo, halafu likamkasirisha zaidi: kama mzee mwenyewe yupo, kwa nini ameruhusu?

"Gazeti la Afrika," akasema, "linajiita lenye akili. Ina maana jana tulikuwa tunasoma la wapumbavu? Sasa wanatafuta watu wa tai, wa kulisomea ndani ya ndege."

Fundi alikuwa ameshachomoa pini na kuanza kushona. Fundi hakuwahi kubishana akiwa amesimamisha kazi.

"Mwalimu, samahani. Ulizaliwa mji gani?"

"Wa hapa hapa. Bukavu."

"Kwenye cheti cha ubatizo wameandika Bukavu?"

Mwalimu akanyamaza. Kila mzee wa umri wake alijua kwamba mji huu Wabelgiji waliuita Costermansville hadi miaka ya 1950.

"Na nchi?" Fundi akaendelea, mguu kwenye pedali. "Kongo ya Wabelgiji, Kongo yetu, Zaïre, Kongo tena. Na lile jina lako la mtakatifu, Mobutu alipoyakataza mwaka 1972, ulilificha wapi? Mwaka 1997 nimeshona bendera mpya kwa mikono hii, ile ya kijani nikaitolea bitana ya koti. Leo gazeti la watu wa Paris likiongeza neno moja, tupige kelele?"

Tulicheka sana, hata Shofa. Mwalimu hakucheka. Alisubiri tumalize, akajibu kwa sauti ile ya darasani, ya polepole:

"Ndiyo maana yake, Fundi. Hayo yote yalibadilishwa bila mimi kuulizwa. Hili gazeti nililichagua mwenyewe."

Nakiri kwamba kabla ya jibu hilo nilikuwa upande wa Fundi. Tena, kusema kweli, jina jipya nililipenda. Nilikuwa kijana, kutembea na gazeti kwapani, neno L'Intelligent likiangalia nje ili wasichana wa Ibanda walisome, kulikuwa na utamu wake. Lakini jibu la Mwalimu lilininyima la kusema.

Kisha akatupa historia, maana hakuweza kukasirika bila kufundisha. Gazeti lilizaliwa Tunis mwaka 1960 likiitwa Afrique Action. Mwaka uliofuata likawa Jeune Afrique, likahamia Roma, na tangu 1964 liko Paris. Fundi akadaka hapo hapo: "Kumbe lenyewe lilishabadili jina!"

"Lilibadili kwa sababu lilimkosoa Bourguiba, rais wa Tunisia, naye akakasirika," Mwalimu akajibu. "Safari hii limegombana na nani?"

Hapo ndipo wazo la barua lilipotokea. Nilichana karatasi katikati ya daftari langu la hesabu, nikapewa biki ya Mama wa vitenge, ile ya kuandikia madeni. Mwalimu alisema sentensi za Kifaransa ndefu, zenye vitenzi ambavyo nilikuwa nimeviona kwenye sarufi tu. Kila mtu akataka chake kiingie. Shofa aliomba ramani zionyeshe barabara, si mipaka peke yake. Mama wa vitenge, ambaye tulidhani hasikilizi, alidai waandike zaidi juu ya wale wamama wa Lomé, kule Togo, wanaouza vitenge vya wax, na bei waziseme, si picha tu. Fundi alisema yeye hana la kuomba, halafu akaomba karatasi ngumu zaidi katikati, panapopita sindano.

Aya ya mwisho ilikuwa ya Mwalimu, na wakati akiisema hakuna aliyecheza. Mji ulikuwa bado kwenye matanga ya Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Februari wale wa RCD walikuwa wamemfukuza hadi Butembo baada ya barua yake ya Noeli. Septemba alirudi, na barabara zikajaa watu. Oktoba akafia Roma. Mwalimu aliwaomba wenye gazeti, kwa kuwa sasa ni wenye akili, watafute nafasi ya kueleza maisha ya Kivu kama yalivyo, yaani mji ambao hata barua ya Noeli ilikuwa kosa. Niliandika kwa herufi zangu nzuri kabisa.

Fundi alisimamisha mashine. Nafikiri ndiyo mara pekee nilimwona akifanya hivyo katikati ya mshono.

"Nani ataivusha?" akauliza.

Posta yetu haikupeleka kitu Ulaya. Barua ilibidi ivuke Ruzizi mfukoni mwa mtu, ikatumwe kutoka ng'ambo, na pale mpakani bahasha zilifunguliwa. Mvushaji angekuwa binti wa dada yake Mama wa vitenge, mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mwalimu akachukua karatasi, akaisoma tena yote midomo ikitembea, akanirudishia.

"Nakili upya," akasema. "Ile ya mwisho iache."

Kwa hiyo barua iliyovuka kwenda nambari 57 bis, rue d'Auteuil, ilisema juu ya jina, ramani, wamama wa Lomé na karatasi ya katikati. Aya iliyobaki Mwalimu aliikunja ndogo sana, akaitia ndani ya kisanduku cha miwani. Jibu hatukulitegemea. Usiku ule gazeti alilichukua yeye wa kwanza, kama kawaida.

Mwaka 2006 nilikuwa nimerudi Bukavu kwa likizo, wakati wa kampeni za uchaguzi. Nilimkuta Fundi na rundo la kitambaa cha bluu: katiba mpya ilikuwa imeleta bendera mpya, yenye mstari mwekundu na kingo za njano, na ofisi zote zilitaka zao kwa haraka. Mwalimu akaingia, amezeeka, gazeti juu kama cheti cha mwanafunzi aliyefaulu. L'Intelligent haikuwepo tena. Lilikuwa limebaki Jeune Afrique peke yake.

"Mnaona?" akasema. "Barua yetu ilifika."

Fundi hakutoa mguu kwenye pedali.

"Basi Mwalimu, waandikie na wa Kinshasa. Waambie hii bendera wasiiguse mpaka nimalize kitambaa."