Mabao 38 ya Andres Oper

Takwimu za mshambuliaji humpunja mwenyewe pale zinaposomwa na mtu asiyejua alikuwa akichezea upande gani. Andres Oper, aliyezaliwa Tallinn tarehe 7 Novemba 1977, aliifungia timu ya taifa ya Estonia mabao 38 katika mechi 134, yaani bao moja kwa takribani kila mechi tatu na nusu. Angekuwa Mjerumani au Mbrazili, hesabu hiyo ingemweka mbali kabisa na vinara wa nchi yake. Estonia, hakuna mchezaji aliyestaafu akiwa na mabao mengi kuliko yeye, na naamini kwamba mabao hayo yana uzito ambao mgawanyo wa namba hauwezi kuuonyesha.

Estonia ina watu wapatao milioni 1.3. Iliingia FIFA mwaka 1923 na mwaka uliofuata ikacheza katika Olimpiki ya Paris, kisha ikafutika kwenye ramani ya soka kwa takribani nusu karne ilipokuwa chini ya Umoja wa Kisovieti, kipindi ambacho Waestonia wengi waliuona mpira wa miguu kuwa mchezo wa Warusi na wakaelekeza mapenzi yao kwenye michezo mingine. Uhuru uliporejea mwaka 1991, kazi ilianza karibu na sifuri. Mechi rasmi ya kwanza ya zama mpya, sare ya 1–1 dhidi ya Slovenia, ilichezwa Juni 1992. Klabu iliyobeba sehemu kubwa ya ujenzi huo ilikuwa Flora ya Tallinn, iliyoasisiwa mwaka 1990 chini ya Aivar Pohlak, na ndiko Oper alikokulia kisoka. Alipoanza kuichezea timu ya taifa mwaka 1995 alikuwa na miaka 17, na timu yenyewe ilikuwa bado changa.

Hapa ndipo ugumu wa kazi yake unapoonekana. Mshambuliaji wa taifa kubwa anaweza kukosa nafasi tatu akajua kwamba ya nne inakuja, kwa sababu viungo wenzake wanaumiliki mpira na mawinga hawachoki kumimina krosi. Mshambuliaji wa timu inayojilinda hana uhakika huo. Humaliza kipindi kizima akiwakimbiza mabeki wawili peke yake, akipokea mipira mirefu huku ameupa lango mgongo, akishikilia mpira kwa sekunde chache ili wenzake wapate kupumua na kusogea mbele, na kazi hiyo yote haiandikwi mahali popote. Nafasi yenyewe ikitokea, pengine katika dakika ya 70 miguu ikiwa tayari mizito, hapo anatakiwa azifumanie nyavu kama mtu aliyekuwa akifunga tangu asubuhi. Oper alikuwa na kasi pamoja na nguvu za mwili, sifa mbili zinazofaa hasa kwa maisha hayo ya upweke, na alikubali kuyaishi kwa karibu miongo miwili.

Mechi ninayoirudia kila ninapomfikiria ni ile ya tarehe 2 Juni 2001, ya kufuzu Kombe la Dunia, wakati uwanja mpya wa Lilleküla jijini Tallinn ulipozinduliwa kwa kuikaribisha Uholanzi ya Louis van Gaal. Estonia yenyewe ilikuwa ikifundishwa na Mholanzi, Arno Pijpers. Oper ndiye aliyefunga bao la kwanza katika historia ya uwanja huo. Wageni walisawazisha, Indrek Zelinski akairudisha Estonia mbele kwa 2–1, na hadi dakika za mwisho taifa hilo dogo lilikuwa likiwaongoza watu ambao mwaka mmoja kabla walifika nusu fainali ya Ulaya. Kisha Uholanzi ikafunga mara tatu na ubao ukasoma 4–2. Kwa mshambuliaji wa Estonia, hata siku nzuri iliweza kuishia hivyo.

Klabuni, safari yake ilikuwa ya kawaida zaidi, ingawa si ya kubezwa. Mwaka 1999 alijiunga na Aalborg, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa wa Denmark. Kutoka hapo akaenda Torpedo ya Moscow, na mwaka 2005 akahamia Roda JC ya Kerkrade nchini Uholanzi, ambayo mwaka 2008 ilifika fainali ya Kombe la Uholanzi na kufungwa 2–0 na Feyenoord. Baadaye alipita ADO Den Haag, kisha akacheza Cyprus.

Rekodi ya mabao aliyoivunja ilikuwa na historia ya majonzi. Kabla ya vita, kinara wa Estonia alikuwa Eduard Ellman-Eelma, aliyefunga mabao 21 na kufariki mwaka 1941 akiwa mikononi mwa Wasovieti. Zelinski, aliyecheza sambamba na Oper kwa miaka mingi, aliishia mabao 27. Kati ya 27 na 38 kuna pengo la mabao 11, na kwa timu inayopata nafasi chache kila mwaka, pengo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika.

Ajabu ni kwamba Estonia ilipokaribia zaidi kufika mashindano makubwa, ujana wake ulikuwa umepita. Novemba 2011, wakati timu ya Tarmo Rüütli ilipocheza mechi za mchujo wa Euro 2012 dhidi ya Jamhuri ya Ireland, Oper alikuwa ametimiza miaka 34, na mzigo wa kufunga ulikuwa umehamia kwa kiungo Konstantin Vassiljev. Kufungwa 4–0 nyumbani kulimaliza ndoto hiyo kabla ya sare ya 1–1 mjini Dublin.

Mechi yake ya kuaga ilichezwa Tallinn tarehe 26 Mei 2014 dhidi ya Gibraltar, taifa lililokuwa limepokewa UEFA mwaka mmoja tu kabla. Matokeo yalikuwa 1–1. Kijana aliyeanza katika timu changa iliyohesabiwa kuwa mteremko kwa wapinzani wake alitundika daluga akiwa upande ambao, safari hii, ndio uliotarajiwa kushinda.