Jaji Aliyefungwa kwa Madeni

Baridi ya Julai hapa Mbeya haina mzaha, na jioni, mteja wa mwisho akishaondoka na mkataba wake wa mauziano ya kiwanja wenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, mimi hubaki ofisini na kikombe cha chai nikisoma habari za mawakili wa zamani. Mwaka huu aliyenikaa kichwani ni James Wilson, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1742, akahamia Philadelphia mwaka 1765, akajifunza sheria chini ya wakili John Dickinson na hatimaye akajijengea jina mjini Carlisle katika kesi za ardhi.

Wilson ni mmoja wa watu 6 tu waliotia sahihi Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 na pia Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1787. Katika mkutano wa Katiba alitaka rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja, wenzake wakakataa. Simsafishi, maana ndiye pia aliyependekeza watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti vya Bunge. Mwaka 1789 Rais Washington alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Kilichomwangusha ni ardhi, kitu kilekile kilichompa jina. Alinunua maeneo makubwa kwa fedha za kukopa, akitegemea kuyauza kwa faida kabla madeni hayajaiva. Biashara hiyo ilipoporomoka mwaka 1796 na 1797, kila kipande kilikuwa kimebeba deni la kipande kingine. Hesabu hiyo ninaijua kwa kuionja, kwani niliwahi kuweka rehani kiwanja cha Uyole ili nipate cha Iwambi, nikaishia kuviuza vyote viwili kwa bei ya kutupa.

Akiwa bado jaji, Wilson alifungwa kwa deni huko Burlington, New Jersey, hadi mwanawe alipolipa. Akakimbilia North Carolina, na huko akafungwa tena kwa madai ya Pierce Butler, mjumbe wa South Carolina aliyeketi naye katika mkutano wa mwaka 1787 na kutia sahihi Katiba ileile. Alifariki Edenton mnamo Agosti 1798, hajajiuzulu ujaji. Mabaki yake yalirudishwa Philadelphia mwaka 1906, baada ya miaka 108.