Stempu za Papa zimekula Jumamosi yangu yote

Aisee jana nimepita kwenye maonyesho ya chama cha wakusanya stempu hapa Roma, mada Kanisa Katoliki na posta yake, nikasema nachungulia kidogo nitoke, wapi, nimetoka wanazima taa. Mwanzoni kuna zile za 1852 za Dola la Papa, yaani nchi aliyokuwa anaitawala Papa mwenyewe katikati ya Italia, vikaratasi havina hata meno pembeni, ilikuwa unakata na mkasi, na jina la nchi hulioni popote, ni taji na funguo mbili zimepishana tu. 1870 Italia ikaiteka Roma zikafa, Vatikani kuja kuwa na stempu zake ni 1929.

Ila zilizonibamba ni zile za kipindi Papa kafariki na mwingine hajachaguliwa, yaani wanatoa stempu maalum kabisa, pale pa taji wanaweka mwavuli juu ya funguo maana kiti kiko wazi, na Papa mpya akipatikana ndo basi, hubandiki tena kwenye barua. 1978 wakatoa mara mbili! Paulo VI kafariki Agosti, Yohane Paulo I naye Septemba, kakaa Papa siku 33 tu. Mzee mmoja wa chama akanipa lenzi nisome muhuri kwenye bahasha ya Oktoba 1978, kabla Papa mpya hajapatikana, wino umekolea tarehe unaisoma vizuri kabisa.

Kona moja nikakuta za Kenya za 1980, ziara ya Yohane Paulo II, nikampigia picha mama fasta. Bei za baadhi ya bahasha sizisemi hapa. Wanafunga kesho, mlioko Roma pitieni.