Taa ya nyuma si pambo

Ndugu zangu mnaorudi na baiskeli jioni hapa Tororo, nisikilizeni kidogo. Huku karibu na Ikweta jua likishazama giza halichelewi, na malori ya kutoka Malaba hayapunguzi mwendo.

Juzi nimenunua taa mpya ya nyuma. Dukani walinisifia moja yenye lumeni nyingi, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Nikaomba iwashwe, nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara. Ukiwa nyuma yake moja kwa moja inachoma macho, ukisogea pembeni hatua chache tu, hamna kitu! Nikachagua nyingine ya mwanga wa wastani, kioo chake kimezunguka hadi ubavuni, ili hata bodaboda anayechomoza kutoka njia ya pembeni anione. Tundu la chaji lina kizibo cha mpira kinachokaza. Kwa mvua zetu, hilo ni la lazima.

Sasa, wabeba mizigo: taa ya chini ya kiti haiwafai. Gunia la mkaa linaifunika yote. Ifungeni mwisho wa keria au kwenye madigadi, na kile kiakisi chekundu msikitoe, hakihitaji chaji.

Mimi usiku naiacha iwake mfululizo, maana ikimwekamweka dereva hupata shida kukadiria umbali.

Anayemjua fundi wa kuchomelea kibao cha taa kwenye keria anielekeze, tafadhali. Mzee jirani yangu hupeleka mkaa kila jioni na bado hana taa.