José de Anchieta, Mwalimu Aliyewatungia Wanakijiji Tamthilia

Sisi walimu tunaosimamia pia maigizo ya parokia tunaye mwombezi wetu mbinguni, ila wengi wetu hatumfahamu. Jina lake ni José de Anchieta, Mjesuiti, yaani mtawa wa Shirika la Yesu, aliyefundisha na kuandika tamthilia nchini Brazili katika karne ya 16. Nimemsoma kwa muda mrefu, kwanza kwa sababu ya imani yangu na kisha kwa sababu ya kazi yangu, na kadiri ninavyomsoma ndivyo ninavyosadiki kwamba tamthilia zake hazieleweki vyema mpaka mtu aanzie darasani, kwa kuwa alikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka 10 kabla hajapewa upadre.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1534 mjini La Laguna, katika kisiwa cha Tenerife, kimojawapo cha visiwa vya Kanari vya Hispania. Baba yake alikuwa Mbaski mwenye udugu na ukoo wa Mt. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, na upande wa mama kulikuwa na damu ya Wayahudi waliobatizwa, jambo lililokuwa na uzito mkubwa katika Hispania ya enzi hizo. Akiwa kijana mdogo alipelekwa kusoma Coimbra, Ureno, akakiweza Kilatini hata akawa anakitungia mashairi, na mwaka 1551 akajiunga na Shirika la Yesu. Haukupita muda akapatwa na maradhi ya mgongo yaliyomwacha amepinda maisha yake yote. Wakubwa wake, waliosikia kwamba hali ya hewa ya Brazili inawafaa wagonjwa, wakampakia katika msafara wa gavana mkuu mpya, Duarte da Costa. Alitia mguu Bahia, pwani ya Brazili, mwezi Julai 1553, akiwa na umri wa miaka 19.

Manuel da Nóbrega, aliyekuwa mkuu wa Wajesuiti wa Brazili, alimtuma na wenzake kupanda hadi uwanda wa juu wa Piratininga, na tarehe 25 Januari 1554, sikukuu ya Kuongoka kwa Mt. Paulo, misa ikaadhimishwa huko ndani ya kibanda. Kutokana na sikukuu hiyo mahali pale pakaitwa São Paulo, na leo ndilo jiji kubwa kuliko yote nchini humo. Kibanda chenyewe Anchieta alikieleza katika barua zake. Kilijengwa kwa fito na udongo na kuezekwa nyasi, urefu wake hatua 14 na upana hatua 10, na humo humo mlikuwa na shule, chumba cha wagonjwa, mahali pa kulala, mahali pa kulia chakula, jiko na ghala. Moshi wa jikoni ulipozidi, mwalimu aliwatoa wanafunzi wake nje, wakaendelea na somo katika baridi ya asubuhi, kwa maana baridi ilivumilika kuliko moshi.

Vitabu havikuwapo. Kwa hiyo Anchieta alikesha akinakili somo la siku ya pili kwa mkono, nakala kwa kila mwanafunzi, na kulipopambazuka aliingia darasani kama kawaida. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha darasa zima kwa kitabu kimoja cha kiada ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Watawa wenzake aliwafundisha Kilatini; watoto wa wenyeji aliwafundisha kusoma, kuandika na katekisimu; na katikati ya vipindi aliwatibu wagonjwa, na akajifunza kusuka viatu vya nyuzi za mimea, kwa sababu viatu vya ngozi havikustahimili njia za misituni. Mambo haya madogo yananigusa kuliko miujiza mingi anayohusishwa nayo, maana yanaonyesha mtu aliyeuona ualimu kuwa ni kujibu haja yoyote iliyosimama mlangoni siku hiyo.

Naye alikuwa mwanafunzi. Lugha ya wenyeji wa pwani ya Brazili enzi hizo ilikuwa Kitupi, na Anchieta alikishika kwa kasi iliyowashangaza wenzake, hata baada ya miaka michache sarufi aliyoitunga ikawa inapita mkono kwa mkono miongoni mwa wamisionari ikiwa bado mswada. Ilichapishwa Coimbra mwaka 1595, na ndiyo sarufi ya kwanza ya Kitupi kuchapishwa. Bila kazi hiyo ya miaka mingi asingeweza kuandika mstari mmoja wa jukwaani ambao mwanamke wa kijijini angeusikia na kuona umetoka katika kinywa cha watu wake.

Tamthilia zenyewe zilianza kwa agizo. Inasimuliwa kwamba Nóbrega hakupendezwa na igizo ambalo walowezi wa Kireno walitaka kulicheza kanisani, akamwambia Anchieta aandike jingine linalofaa. Alilolitoa lilichanganya Kireno na Kitupi, ili Mreno na mwenyeji waliokaa pamoja wasipitwe. Wala hakuanza na watu wasiojua sanaa. Watupi walimheshimu mno msemaji hodari. Wazee wao walizunguka kijijini alfajiri wakihutubia, na hakuna shughuli iliyokosa nyimbo na ngoma. Anchieta alichukua vipaji hivyo alivyovikuta akavitengea nafasi katika sikukuu za Kanisa. Wachezaji walikuwa wanakijiji na wanafunzi wake, uwanja wa kanisa ukawa jukwaa, na watoto walicheza ngoma mwishoni huku wakiimba beti alizowatungia.

Tamthilia yake inayojulikana zaidi ni ile ya sikukuu ya Mt. Laurenti, iliyochezwa Niterói, ng'ambo ya ghuba ya Rio de Janeiro, katika miaka ya 1580. Kijiji hicho kilikuwa makao ya Watemiminó, watu wa chifu Arariboia, waliopigana vita upande wa Wareno. Lugha zinazosikika humo ni Kitupi, Kihispania na Kireno. Baada ya kuonyeshwa kifo cha shahidi Laurenti, shemasi wa Roma aliyechomwa juu ya wavu wa chuma, wanaingia mashetani watatu, Guaixará, Aimberê na Saravaia, wanaotaka kukiteka kijiji. Guaixará anajigamba mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye anayependwa humo, kisha anataja mambo yake mazuri moja baada ya jingine: kunywa pombe ya muhogo mpaka kutapika, kucheza ngoma, kujipaka rangi nyekundu, kujipamba kwa manyoya, kuvuta tumbaku, kupigana na kula nyama ya mateka wa vita. Mt. Laurenti, Mt. Sebastiani na malaika mlinzi wa kijiji wanawakabili na kuwafunga. Kwa ufundi wa jukwaani, hotuba ya Guaixará ni kazi ya mwandishi mkubwa, kwa kuwa shetani huyo anaongea vizuri, na mtazamaji anavutwa naye kabla hajaonywa.

Hapo hapo pana jambo linaloniumiza. Guaixará na Aimberê hayakuwa majina ya kubuni. Walikuwa viongozi wa Watamoio, majirani na mahasimu wa Watemiminó, waliopigana na Wareno kwa ajili ya nchi yao, na wengi waliotazama igizo lile wangeweza kuwakumbuka. Anchieta mwenyewe aliwahi kuishi kwa Watamoio. Mwaka 1563 alikwenda na Nóbrega Iperoig, mahali panapoitwa leo Ubatuba, kutafuta amani, kisha akabaki peke yake kama mateka ilhali Nóbrega amerudi kwa ajili ya mazungumzo. Ndiko alikoanza utenzi wake wa Kilatini wa kumsifu Bikira Maria, wenye zaidi ya mistari 5,000, ambao mapokeo yanasema aliuandika kwa fimbo kwenye mchanga wa ufukwe na kuuhifadhi kichwani. Wenyeji wale walimlisha wakamrudisha salama. Amani ile haikudumu. Wareno waliianzisha Rio de Janeiro mwaka 1565, na ilipofika 1575 Watamoio waliobaki Cabo Frio walivunjwa na wengi wakachukuliwa utumwani. Tena upo utenzi mwingine wa Kilatini, uliochapishwa Coimbra mwaka 1563 na unaohesabiwa kuwa wake, unaomsifu gavana Mem de Sá kwa vita vilivyoteketeza vijiji vya wenyeji. Siwezi kumsoma Anchieta kwa upendo nikaziruka kurasa hizo.

Ninalisema hili nikiwa na sababu iliyo karibu na kwetu. Katika maigizo mengi ya makanisa yetu mhusika mwovu ni mganga wa kienyeji aliyejifunga kaniki, ameshika usinga na kibuyu, na miongoni mwa watoto wanaotazama yumo ambaye nyumbani ana babu mwenye kaniki na kibuyu vile vile, na anampenda. Mwandishi wa igizo la imani ana uwezo wa kutisha, yaani uwezo wa kuchagua shetani avae sura ya nani. Anchieta alimvika sura ya jirani aliyeshindwa.

Hata hivyo tamthilia ile haiishii hapo, na ndiyo maana naendelea kuirudia. Katika tendo la tatu wanaletwa Desio na Valeriani, makaisari wa Roma waliohusishwa na kifo cha Laurenti, na malaika anawaagiza mashetani wale wale wawachukue wakawachome. Wanakijiji wa Niterói waliona watawala wawili wakubwa wa dunia wakilia na kuburutwa motoni na viumbe wenye majina ya Kitamoio. Nani anajua gavana au mlowezi aliyekuwapo alihisi nini? Mimi ninaamini Anchieta alijua anachofanya, kwa kuwa Wajesuiti wa Brazili walikuwa wakivutana na walowezi kila mara kuhusu kuwafanya wenyeji watumwa, naye alikuwa mkuu wao kwa takriban miaka 10 tangu 1577.

Alipopumzishwa uongozi alikwenda kukaa Reritiba, kijiji cha pwani katika Espírito Santo ambacho leo kinaitwa kwa jina lake, akaendelea kuandika maigizo huko huku mwili ukimlemea. Alifariki dunia tarehe 9 Juni 1597. Wenyeji waliubeba mwili wake mabegani, mwendo wa kilomita zipatazo 80, mpaka Vitória alikozikwa, na katika mazishi hayo aliitwa Mtume wa Brazili. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 22 Juni 1980, na Papa Fransisko, naye Mjesuiti, akamwandika katika orodha ya watakatifu tarehe 3 Aprili 2014.

Tamthilia zake hazikuchapishwa akiwa hai. Zilibaki katika daftari lililotunzwa kwenye hifadhi ya nyaraka za Wajesuiti mjini Roma, na maandishi ya daftari hilo yalitolewa kwa ukamilifu nchini Brazili mwaka 1954, mtafiti Maria de Lourdes de Paula Martins alipoyasoma na kuyahariri. Kitupi cha kale chenyewe kilikuwa kimekwisha kunyamaza pwani muda mrefu kabla ya hapo. Katika karne hii Wapotiguara wa jimbo la Paraíba wameanza kukifundisha tena katika shule zao, na miongoni mwa maandishi yanayowezesha masomo hayo ni sarufi na beti za Anchieta.