Dirisha la Uani

Kofia aliyovaa mume wangu siku tuliyooana ilipita mikononi mwa wanawake watano, na mimi ni mmoja wao. Nilipoianza nilinuia niishone peke yangu, kiua baada ya kiua. Kwetu Wete, kisiwani Pemba, msichana aliyeposwa akimshonea mchumba wake kofia ya viua, huwa keshasema mengi bila ya kufungua mdomo. Lakini kofia ya mkono haina haraka. Kwanza mchoro unapigwa kwa penseli juu ya kitambaa cheupe cha pamba, vipande viwili: kimoja cha duara cha juu, kingine kirefu cha kuzunguka kichwa. Kisha kila kitundu kinatobolewa na kuzungushiwa uzi, uzi unakazwa mpaka ukingo unasimama wenyewe, ndipo unahamia kitundu cha pili. Na vitundu ni mamia. Ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani mwa mvaaji, na ndivyo vinavyochosha macho ya mshonaji. Kofia za mashine zilizojaa madukani leo ni rahisi na zinapendeza kwa mbali. Mimi nikiishika moja mkononi nageuza upande wa ndani, nikishaona nyuzi zilivyoparaganyika naiweka chini.

Tarehe ya harusi ilipopangwa, cha juu kilikuwa tayari. Kile cha kuzunguka kilikuwa hakijafika nusu.

Ulikuwa mwaka 2003, msimu wa karafuu. Aliyewahi kuwepo Pemba wakati huo anajua: majamvi yametandikwa kila penye jua, uani, barazani, hata pembeni mwa barabara, na harufu inakufuata mpaka kitandani. Usiku watu wanakaa makundi makundi kuchambua karafuu na makonyo yake, wanapiga hadithi mpaka usingizi uwashinde. Na kwa kuwa karafuu ndiyo inayoleta pesa, harusi nazo huongozana nyuma yake. Mashoga zangu walikuwa wanatoka mashambani vidole vimekuwa rangi ya kahawia. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kofia mpaka anawe kwa limau, na limau zilikuwa zinakaa ndani ya bakuli mlangoni mwa chumba changu.

Mimi nilikuwa nimeshawekwa ndani. Somo yangu, yaani kungwi wangu, alikuwa anakuja kila siku na kibakuli chake cha singo: mlangilangi, asumini, mrihani, mawaridi, karafuu na liwa, vyote vimetwangwa na kulowekwa. Nilisuguliwa mpaka ngozi ikalainika kama ya mtoto mchanga. Mwali hatoki, haonekani na wanaume, hapigi kelele. Chumba kilikuwa na dirisha moja la nondo, linatazama uani, na hilo ndilo lililokuwa taa yetu. Umeme wa Pemba siku zile ulikuwa wa majenereta, leo upo kesho haupo. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuja kufika 2010. Kutunga uzi kwenye sindano nyembamba kwa mwanga wa kibatari ni mateso. Kwa hiyo baada ya sala ya alasiri tulikuwa tunajibanza watano chini ya dirisha lile, magoti yamegusana, mpaka jua linazama.

Tulikuwa mimi, mtoto wa shangazi yangu, jirani wa nyumba ya pili, shoga yangu wa Mtambwe, na somo mwenyewe. Jirani alikuwa hodari wa kuchora, mkono wake hautetemeki. Yule wa Mtambwe alikuwa na mdomo mwingi, na alikuwa akicheka anasimamisha sindano hewani. Somo alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake ukiigeuza upande wa ndani huwezi kujua upi ndio wa nje. Na neno lake kubwa lilikuwa moja: "Fumua." Alikuwa anakitazama kiua ulichohangaika nacho, anakirudisha mapajani kwako. Fumua. Hakuna aliyembishia.

Mama alikuwa amechanua mito ya sufi ili aijaze upya kwa kitanda cha harusi. Sufi ukiifungua haikai. Ilipepea ua mzima, ikanasa kwenye majani ya mfenesi, kwenye kuta, kwenye nywele za watoto. Ndipo tulipomuona chozi, yule kidege anyonyaye maua. Jike, kijivu mgongoni, tumbo la manjano iliyofifia, mdomo umepinda. Alitua kwenye kamba ya kuanikia nguo, ambayo ncha yake ilikuwa imefungwa kwenye nondo ya dirisha letu, akachota sufi na kwenda zake. Akarudi. Akarudi tena. Tukadhani anapeleka mbali. Kumbe kiota kilikuwa pale pale mbele ya pua zetu, kwenye kipande cha kamba kilichoning'inia chini ya fundo, ambacho sisi tulidhani ni takataka za upepo.

Nimeona kazi nyingi za mkono maishani, lakini ile sikupata kuona mfano wake. Hana vidole yule, ana mdomo na miguu tu. Alikuwa analeta nyasi kavu na vipande vya magome, kisha anakwenda kwenye pembe za paa anakusanya utando wa buibui, na kwa utando ule ndio anafunga kila kitu, anazungusha, anavuta, anabana. Mlango aliuweka ubavuni, juu yake akatengeneza kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Mwisho ndio anatandika sufi ndani. Dume alikuwapo, anameremeta kijani na zambarau, anaimba juu ya mfenesi tangu asubuhi, ila ujenzi hakuugusa. Shoga wa Mtambwe alikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo.

Somo alitazama kimya muda mrefu. Nilidhani atasema tufunge dirisha, kwani tulikuwa tumeacha kushona. Akasema, "Tazameni anavyokaza. Hivyo ndivyo ninavyokwambieni kila siku." Kisha akaokota vijinyuzi vyeupe tulivyokuwa tunavikata, akavitupa nje kupitia nondo. Kesho yake uzi wa kofia yangu ulikuwa unaning'inia kwenye mkia wa kiota.

Miaka mingi baadaye, nilipowapeleka watoto wangu msitu wa Ngezi, mtembezaji wa pale alitueleza kuwa chozi yule hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka. Wako wanne wa namna hiyo: chozi, ninga wetu, bundi mdogo, na yule kidege wa manjano mwenye duara jeupe machoni. Nilisimama pale msituni nimepigwa na butwaa, kwa sababu mimi nilikuwa nimemuona chozi kila siku ya utoto wangu akinyonya maua ya mgomba na ya mkoma manga nyuma ya jiko, na nilidhani yupo kila mahali kama kuku.

Basi kofia ikaenda, na kiota kikaenda. Mtoto wa shangazi alishika ubavu mmoja wa kipande, jirani ubavu wa pili, na mimi katikati, tunashona tukielekeana. Jike alianza kulalia, akawa hatoki isipokuwa kidogo. Siku vifaranga vilipototoka tulijua kwa sauti, kisauti chembamba mno, na kwa dume ambaye sasa naye alishughulika. Mimi nilidhani chozi anaishi kwa utamu wa maua tu. Kumbe watoto wanalishwa buibui na vidudu, na wazazi wote wawili hawapumziki.

Halafu ikaja siku ya kufunga turubai.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Sauti ya ami yangu, sauti za vijana, ngazi inaburutwa. Harusi ilikuwa kesho, wapishi wangeingia usiku huo, na ua lazima ufunikwe kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Ami alikuwa anaelekeza: kona hii kwenye mfenesi, kona ile kwenye mnazi, na hii hapa tunafunga kwenye nondo za dirisha, ondoeni hiyo kamba. Niliona mkono wa kijana kwenye kamba. Jike aliruka akaanza kulia juu ya ukuta.

Mwali hapigi kelele. Nilimshika shoga wa Mtambwe mkono, sikuweza hata kutamka. Naye hakungoja. Alitoka mbio uani na sindano mkononi, uzi unamfuata nyuma, akasimama chini ya ngazi mbele ya wanaume wote wale.

"Msiikate! Ina watoto!"

"Watoto gani?" Ami akauliza.

"Wa chozi."

Vijana wakacheka. Ami hakucheka, lakini alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi siku ile. "Mwanangu, usiku huu kuna masufuria ya biriani hapa. Mvua ikinyesha tutawapa wageni maji?"

Somo akatoka. Hakuharakisha. Alijifunika kanga yake vizuri, akaenda mpaka kwenye ngazi, na yule kijana akashuka bila ya kuambiwa. Ami alimsalimu kwa adabu, maana kwa umri alikuwa sawa na mama yake. "Kona hii iacheni wazi," somo alisema. "Turubai lifungeni kwenye mfenesi na ule mwimo wa jiko. Wapishi watasogea."

"Bi mkubwa, mvua?"

"Wapishi watasogea."

Ami alitazama kiota, akatazama dirisha langu, ingawa ndani hakuweza kuona kitu. Kisha akawaambia vijana wafungue kamba za turubai waanze upya. Nilikaa chini nikalia. Mtoto wa shangazi alidhani nalilia harusi, akaanza kunibembeleza kwa mambo mengine kabisa.

Na mvua ilinyesha. Ilikuja usiku wa manane, wakati vitunguu vinakaangwa, ikapiga moja kwa moja kwenye ile kona iliyo wazi. Nilisikia wanawake wakipiga kelele, sufuria zinaburutwa, mtu anauliza kwa hasira ni ndege gani huyo asiyeweza kuhamishwa, na mama yangu anajibu huku anacheka, "Mgeni wa mwali, shoga, mgeni wa mwali." Mchele ulioroweka ulihamishiwa jikoni. Kuni ziliroa na moshi ukajaa ua mzima. Nasema kweli, wale wanawake walifanya kazi ngumu usiku ule kuliko ambavyo ingepasa, wengi wao hawakuwahi hata kukiona kiota, na hakuna aliyekwenda kuigusa kamba.

Sisi chumbani tulikuwa na jambo letu. Kofia ilikuwa imemalizika jioni ile ile, imefuliwa kutoa alama za penseli, imetiwa kanji ya muhogo, na inangoja kukauka ili ipelekwe kwa bwana harusi pamoja na kanzu. Jua lingetoka wapi? Jirani alichukua sufuria ndogo akaifudikiza, akaivalisha kofia, akaiweka karibu na seredani ya mkaa, si karibu sana. Alikesha pale akiigeuza kidogo kidogo, akiibonyeza kwa vidole ili mabega yake yakae sawa. Alfajiri ilikuwa imekauka, imesimama, vitundu vyote viko wazi. Somo aliipokea. Akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha pole pole, akaigeuza ndani. Tulikuwa tumeshika roho. Akamkabidhi mtoto wa shangazi bila ya neno, na yule wa Mtambwe akapiga kigelegele mpaka nyumba ya tatu.

Mvua ilikuwa imekatika. Nilipokuwa napakwa piko mara ya mwisho nilitazama nje, jike alikuwa anaingia na kutoka na vidudu mdomoni, chini yake wapishi wanapakua, moshi, watu, watoto wanakimbizana. Haikumshughulisha.

Niliondoka jioni kwenda Chake Chake kwa mume wangu.

Fungate ilipomalizika mashoga walikuja kunitazama, wote watatu, na kikapu cha mikate ya kumimina. Kabla hata ya kuvua mabuibui yule wa Mtambwe alinipa habari: wamesharuka, wawili, walikaa kwenye mfenesi siku nzima wanapiga kelele walishwe, halafu ndio basi. Mama hajakubali mtu aifungue kamba. Kisha wakamtazama jirani, naye akainamisha uso, na mimi nikaelewa. Ameposwa. Kitambaa chake kilikuwa ndani ya kikapu, chini ya mikate, kimekunjwa kwenye karatasi, na penseli ndani yake. Somo alikuwa ameshasema tuanze Ijumaa, na kwamba safari hii hataki kumuona mtu anashona usiku.

Nikamuomba mume wangu ruhusa ya kwenda Wete. Mama mkwe alinisikia akiwa jikoni, akatoka na limau ndani ya upawa akazimimina kikapuni mwangu, kwani karafuu zilikuwa bado hazijamalizika.